Maswali ya Wasomaji: Treni ya Chini ya Ardhi Ifike Vitongojini au Iishie Ilipo?

Toleo lililopita niliuliza swali moja tu, kwamba laini ya treni ya chini ya ardhi irefushwe mpaka vitongojini au iachwe ilipo, na barua zilizokuja ni nyingi kuliko nilivotegemea, wengine wameandika kwa hasira kabisa. Nimechagua chache. Majina sijayaweka kama mlivoomba.

Shikamoo mzee. Sisi wa huku pembezoni tuliahidiwa treni ya chini ya ardhi, kila kampeni inatajwa, sasa tunaambiwa hela haitoshi tutapewa treni nyepesi inayopita juu ya barabara. Kwani sisi ni raia wa daraja la pili? Mi nasema kama sio ya chini ya ardhi basi waache tu. (Abiria wa siku nyingi)

Marahaba mwanangu. Uchungu wako naujua, mtu anayeamka alfajiri, anapanda basi la kwanza, anashuka anasubiri la pili, halafu ndo anaikuta stesheni ya mwisho ya treni, huyo ana haki zote za kuuliza kwa nini reli iliishia pale. Ila hayo maneno ya mwisho, kwamba kama sio ya chini basi waache, naomba uyaweke pembeni kidogo nikusimulie ya Scarborough.

Scarborough ni upande wa mashariki wa Toronto, Kanada. Mwaka 1985 walifunguliwa treni ndogo ya juu yenye stesheni 6, ikaja ikazeeka, ikabidi itafutiwe mbadala. Mpango ukawepo wa treni nyepesi yenye vituo 7 na serikali ya jimbo ilishakubali kuilipia. Hapo ndo wanasiasa wakaanza kusema watu wa Scarborough wanastahili treni ya chini ya ardhi kama wenzao wa katikati ya jiji, Rob Ford alishinda umeya mwaka 2010 akiwa anahubiri hivohivo, na mwaka 2013 baraza la jiji likapiga kura kuitupa treni nyepesi na kuchukua ya chini yenye stesheni 3. Mwaka 2016 gharama zikapanda na stesheni 3 zikawa 1. Yaani moja tu! Mwaka 2019 serikali ya jimbo ikaingia kati ikazirudisha 3. Miaka yote hiyo watu wanabishana, ile treni ya zamani inazidi kuchoka, na tarehe 24 Julai 2023 behewa la nyuma likachomoka likatoka relini, watu 5 wakaumia, laini ikafungwa moja kwa moja. Wakazi wakarudishwa kwenye mabasi huku handaki la treni mpya ndo linachimbwa.

Sasa sisemi kwamba handaki ni kosa, stesheni 3 za chini ya ardhi zikikamilika zitabeba watu wengi sana na kwa kasi. Ninachosema ni kwamba watu walidai heshima wakaitafuta kwenye kina cha shimo. Stesheni ya chini ina gharama kubwa mno kwa hiyo zinajengwa chache na zinakaa mbalimbali, wengi wenu bado mtahitaji basi la kuwafikisha hapo, na hilo kwenye mikutano ya kampeni halisemwi. We chukua ramani uiulize hivi, kutoka mlangoni kwangu mpaka kituoni ni mwendo wa dakika ngapi kwa miguu, na nikifika treni inapita kila baada ya dakika ngapi. Ukijibiwa vizuri hayo mawili, kama reli iko juu au chini ni jambo la wahandisi. Ukijibiwa vibaya, hata wakichimba mpaka kwenye mwamba itakuwa haijakusaidia.

Mwanangu, mimi nakaa karibu na stesheni ya mwisho ya sasa hivi. Asubuhi nikienda kliniki nakuta siti maana treni inaanzia hapa. Wakiirefusha itafika kwangu imeshajaa, na miguu yangu haiwezi kusimama mwendo wote ule. Nikisema sitaki, nitakuwa mchoyo? (Bibi yenu)

Shikamoo bibi. Hapana, sio uchoyo hata kidogo, na nashukuru umeandika kwa sababu hili swali lako ndo limewagonganisha vichwa wapanga mipango wenyewe. Kule kule Toronto, mkoa wa jirani wa York umekuwa ukidai kwa miaka laini ya Yonge isogezwe mpaka kwao kaskazini, na jiji likawa linajibu kwamba kwanza ijengwe laini nyingine ya kuipunguzia mzigo, maana ile ya Yonge ilishajaa, na ukiongeza stesheni mbele unawajaza watu kabla treni haijafika kwa wale waliokuwa wanaisubiri. Hiyo laini ya kupunguza mzigo sasa inajengwa, wameipa jina la Ontario Line.

Kwa hiyo laini ni kama mfereji, ukiongeza maji huku juu inabidi upanue kule chini. Kupanua sio lazima uchimbe upya bibi, mara nyingi ni signo, yaani ishara za kuongoza treni, na treni zenyewe. Laini ya Victoria kule London tangu mwaka 2017 inapitisha treni 36 kwa saa wakati wa msongamano, yaani kila sekunde 100 moja inapita, na handaki ni lilelile la zamani. Njia nyingine ni kupanga baadhi ya treni zisiende mpaka mwisho mpya, zianzie stesheni yako tupu kama zilivo leo. Hilo linawezekana kabisa kama stesheni yako inabaki na reli ya kugeuzia, na ndo maana nakuomba umtume mjukuu akaulize mapema, maana wakishaiondoa hiyo reli ya kugeuzia kwenye michoro, kuja kuirudisha ni kazi nyingine.

Kaka mwandishi, tuseme ukweli. Treni ikifika kwetu italeta vibaka. Sasa hivi mtaa umetulia, kila mtu anamjua mwenzie. Kwa nini tulipie kodi tatizo? (Mwenye nyumba)

Ndugu yangu, hofu yako sio mpya na wala sikuiti mtu mbaya, lakini nitakujibu bila kupindisha. Huko Marekani, mwaka 1971 wakazi wa kaunti za Clayton na Gwinnett nje ya Atlanta walipiga kura kukataa kujiunga na mfumo wa usafiri wa MARTA, na sehemu kubwa ya kampeni ilikuwa maneno kama haya yako, yakiwa yamechanganyika na ubaguzi wa rangi ulio wazi. Clayton walibadili mawazo, wakajiunga kwa kura mwaka 2014. Gwinnett wamekataa tena mwaka 2019, na mwaka 2020 wakakataa mpango mwingine wa kupanua usafiri wa umma kwa tofauti ndogo sana ya kura. Kuanzia 1971 mpaka leo ni zaidi ya miaka 50, na muda huo wote watu wameendelea kuhamia na barabara zimejaa magari.

Na karibu na San Francisco, kaunti ya San Mateo ilijitoa kwenye mpango wa treni ya BART mwishoni mwa mwaka 1961, Marin nao wakaondoka 1962. BART ikafunguliwa 1972 bila wao. Baadae San Mateo wakaitaka, treni ikafika Colma mwaka 1996 na uwanja wa ndege mwaka 2003, kwa gharama za miaka hiyo sio za miaka ya 60. Marin mpaka leo BART haifiki.

Kibaka anayekuja kuiba televisheni hapandi nayo treni, anakuja na gari usiku. Wanaokuja kwa treni wengi ni yule dada anayemwangalia mama yako mgonjwa, ni yule kijana wa zamu ya usiku hospitalini, ni mwanao mwenyewe anayerudi chuoni. Niliwahi kuishi mtaa uliokataa hata basi lisipite, wakawa wanajisifu kwa utulivu, halafu wazee walipoacha kuendesha gari wakawa wanakaa ndani wiki nzima wanasubiri mtu awakumbuke. Hilo lilinikaa moyoni mpaka leo na ndo maana kwenye swali hili siwezi kukaa katikati.

Mbona handaki ni ghali hivo? Kuna mtu anakula? (Fundi ujenzi)

Pengine yupo pengine hayupo, lakini fundi kama wewe utanielewa haraka nikikuambia gharama kubwa mara nyingi iko kwenye stesheni kuliko kwenye handaki lenyewe. Mashine ya kuchimba inakwenda mbele na kuweka zege nyuma yake, hiyo ni kazi ya kurudiarudia. Stesheni ni jengo zima lililogeuzwa kichwa chini, lina ngazi za umeme, lifti, mabomba ya hewa, milango ya dharura, na juu yake kuna mabomba ya maji, nyaya na misingi ya nyumba za watu.

Linganisha hizi mbili. New York walifungua kipande cha kwanza cha laini ya Second Avenue tarehe 1 Januari 2017, kilomita zisizofika 3, stesheni mpya 3, kama dola bilioni 4.5. Madrid, mwaka 2003, walifungua Metrosur inayozunguka miji ya vitongojini kusini, Móstoles, Leganés, Getafe na wenzao, kilomita kama 41 na stesheni 28, na waliijenga ndani ya miaka isiyofika 4. Pesa yao ilikuwa sehemu ndogo tu ya ile ya New York kwa kila kilomita. Mishahara na ardhi vinatofautiana ndio, lakini Madrid walirudia michoro ileile ya stesheni badala ya kumpa kila msanifu uwanja wa kujionyesha, walitumia mashine kadhaa kwa wakati mmoja, na wahandisi wa mradi walikuwa na mamlaka ya kuamua jambo siku hiyohiyo bila kusubiri kikao. Kila mara diwani anapobadilisha mawazo mkandarasi anaongeza ankara. Kwa hiyo anayekula anaweza asiwe mwizi, anaweza akawa ni kigeugeu.

Mimi ni mpangaji. Juzi mwenye nyumba kasema treni ikija na kodi inapanda. Sasa hii treni ni ya nani? (Mama wa watoto wawili)

Mama, umeuliza swali zito kuliko wote humu. Treni inapandisha bei ya ardhi, hilo halina ubishi na halikuanza leo. Kampuni ya Metropolitan Railway ya London, iliyofungua reli ya kwanza ya chini ya ardhi duniani mwaka 1863, ilikuja kurefusha reli mpaka mashambani kaskazini magharibi, ikajenga na kuuza nyumba kwenye ardhi yake kando ya reli. Hong Kong nao shirika la MTR linapewa haki ya kujenga juu ya stesheni zake na faida inasaidia kulipia reli. Na laini ya Northern ilivopelekwa Battersea, London, ikafunguliwa Septemba 2021, sehemu kubwa ya gharama ilipangwa ilipwe na michango ya waendelezaji majengo na kodi za biashara za eneo lile.

Maana yake thamani inayoongezeka inaweza kukamatwa ikarudi kwa umma. Isipokamatwa inabaki kwa mwenye nyumba wako, ambaye reli haijamgharimu kitu, na wewe unaondoka kwenda mbali zaidi ambako treni haifiki, halafu miaka 20 baadae tunaanza tena mjadala wa kurefusha. Pigania nyumba za bei nafuu ziandikwe kwenye mpango wa stesheni sasa hivi, kabla jembe la kwanza, maana ardhi ikishauzwa hakuna wa kumbembeleza.

Stesheni iwe na parking kubwa? (Dereva)

Ndogo. Eneo linalokaa magari mia kadhaa kuanzia asubuhi mpaka jioni lingekaa familia, soko na shule, na hao wangetembea kwa miguu mpaka kwenye treni.

Anko, wiki ijayo kuna mkutano wa wazi kuhusu hii laini, na mimi ndo mara yangu ya kwanza kusimama mbele za watu. Wakinipa dakika mbili niseme nini? (Mwanafunzi)

Mpwa wangu, nenda mapema ukae mbele, andika kwenye karatasi, ukisimama soma tu usione aibu. Watu wazima watabishana kuhusu bilioni na kuhusu heshima ya mtaa, waache. We waambie unaamka saa ngapi, unapanda mabasi mangapi, unafika darasani saa ngapi. Halafu uliza hili moja na usikae mpaka ujibiwe, kwamba kuanzia leo mpaka siku treni itakapofika, ambayo hata mambo yakienda vizuri ni miaka mingi na wewe utakuwa umeshamaliza chuo, mabasi ya huku yataongezwa lini, na barabara kuu itatengewa njia ya basi peke yake lini. Njia ya basi ni rangi, alama na askari wa kuisimamia, inaweza kuanza mwaka huuhuu. Wakikujibu kwamba subirini treni, iandike hiyo sentensi, andika na jina la aliyeisema, uniletee.