Maswali ya Wasomaji: Hedifoni Zisizo na Waya kwa Mpiga Kinanda wa Tabora

SWALI

Ndugu Mshauri, pole na kazi. Mimi ni mpiga kinanda wa kwaya, naishi Isevya, Tabora, katika chumba kinachotazamana na mashine ya kusaga nafaka. Nimeweka akiba ya shilingi 300,000 ili ninunue hedifoni zisizo na waya, zile kubwa zinazofunika sikio lote. Nataka kusikilizia rekodi za nyimbo tunazojifunza, kufanyia mazoezi ya kinanda usiku bila kuwaamsha majirani, na kupumzika ndani ya treni ninapokwenda Kigoma kuwaona wazazi. Dukani nimeonyeshwa hedifoni za Sony aina ya WH-1000XM5 kwa shilingi 95,000. Je, nizichukue? Na je, kelele za mashine zitakwisha kabisa?

Mpiga kinanda, Isevya

JIBU

Ndugu mpiga kinanda, ahsante kwa barua yako. Nitaanza na hilo la shilingi 95,000, kwa sababu ndilo linaloweza kuimeza akiba yako leo hii. WH-1000XM5 zilitoka mwaka 2022 zikiuzwa Marekani kwa takriban dola 400, na hakuna mzigo halali wa hedifoni hizo, mpya na ndani ya boksi lake, unaoweza kufika Tabora ukapita mikononi mwa wafanyabiashara kadhaa na bado ukauzwa kwa bei hiyo. Ulichoonyeshwa ni feki. Feki za aina hii huwaka, hupiga muziki, na hata husema kwa sauti ya kike kwamba zimeungana na simu, lakini mara nyingi kitufe cha kuzuia kelele hakina kazi yoyote nyuma yake. Ukitaka kujihakikishia, washa kitufe hicho dukani ukiwa karibu na feni inayozunguka au jenereta linalonguruma: kama mngurumo haukupungua hata kidogo, basi hakuna kilichowashwa.

Kwa fedha uliyo nayo, usikimbilie jina la hedifoni ya bei kubwa. Tafuta hedifoni halisi ya daraja la kati. Soundcore Life Q30 zilitoka kwa dola 80, na Sony WH-CH720N za mwaka 2023 zilitoka kwa dola 150. Bei hizo ni za Marekani, za siku zilipoingia sokoni, kwa hiyo zitumie kama kipimo cha kujua bei ipi ni ya kweli na ipi si ya kweli, kisha uulize katika maduka matatu au manne kabla ya kutoa fedha. Dai risiti ya EFD, yaani ile ya mashine ya kodi, na dhamana ya maandishi. Muuzaji anayekataa kuandika hata miezi sita amekwisha kukujibu swali lako.

Sasa nije kwenye mashine ya kusaga. Hedifoni za kuzuia kelele zina maikrofoni ndogo kwenye vikombe vyake, ambazo husikiliza kelele ya nje, na papo hapo chombo kilichomo ndani hutengeneza wimbi la sauti lililo kinyume cha kelele hiyo, ili pale wimbi la kelele linapopanda hili lishuke, na mawili hayo yakikutana yapunguzane nguvu. Kazi hiyo hufanyika vizuri zaidi kwa sauti nzito zisizobadilika, kama mngurumo wa mota, feni au magurudumu ya treni juu ya reli. Kwa hiyo ule mvumo wa mota ya jirani yako utapungua sana, lakini mlio mkali wa mkanda wake, honi ya bodaboda na sauti za akina mama wanaosubiri unga bado utazisikia, ingawa kwa mbali. Ndani ya treni utafurahi zaidi, kwa kuwa kelele nyingi za behewa ni za aina ile ile inayozuilika. Life Q30 hutajwa na watengenezaji wake kudumu saa 40 kizuia kelele kikiwa kimewashwa, na WH-CH720N saa 35; ingawa saa hizo hupimwa kwa sauti ya wastani, bado utatoka Tabora na kufika Kigoma bila kutafuta pa kuchajia.

Nataka nikae zaidi kwenye kinanda, maana hapo ndipo watu wa kazi yako huumia baada ya kununua. Sauti inayosafiri kwa Bluetooth hufungwa, hurushwa, kisha hufunguliwa, na safari hiyo huweza kuchukua kiasi cha sehemu ya tano ya sekunde. Ukitazama filamu hutaona tatizo, kwa sababu programu nyingi huchelewesha picha ili ilingane na sauti. Kidole chako hakicheleweshwi na mtu. Katika wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni nusu sekunde, kwa hiyo utabonyeza kibonyezo na sauti yake itakujia pigo likikaribia katikati, na baada ya mistari miwili mikono itaanza kusubiri masikio na wimbo wote utaburuzika. Isitoshe, vinanda vingi havina njia yoyote ya kurusha sauti kwa Bluetooth. Kwa mazoezi unahitaji waya, na hii ina maana kwamba hedifoni zako zisizo na waya ni lazima ziwe na tundu la waya.

Usidhani kila hedifoni inalo. Sony WH-CH520, kwa mfano, ni nyepesi na betri yake hudumu hadi saa 50, lakini haina tundu hilo, na tena hukaa juu ya sikio badala ya kulifunika. Nyingine huja na waya wake wenye pini nyembamba isiyo ya kawaida, hivyo ukiupoteza huupati kirahisi mjini. Life Q30 na WH-CH720N zina tundu la kawaida la milimita 3.5.

Habari za LDAC, njia ya kurusha sauti ya ubora wa juu kwa Bluetooth, na majina mengine ya namna hiyo yanayoandikwa kwenye boksi zisikupotezee muda. Rekodi za kwaya zinazopitishwa kwa simu zimekwisha kubanwa tangu zilipotumwa, na hakuna hedifoni inayoweza kurudisha kilichoondolewa.

Kinachostahili muda wako ni kuzivaa. Zivae dukani dakika kumi kamili, ukitafuna na kugeuza shingo, kwani mto usioziba sawasawa pembeni ya sikio huvujisha besi na kuingiza kelele. WH-CH720N zina uzito wa gramu 192 tu, na wepesi huo utauona thamani yake ifikapo saa ya tatu ya safari. Chunguza pia ngozi bandia ya mito. Zangu za kwanza, joto la Oktoba na jasho vilizibabua mwaka haujaisha, nikawa naokota vipande vyeusi kwenye kola ya shati kila jioni. Uliza kama mito ya akiba inapatikana kabla ya kulipa.

Kuhusu sauti kubwa, nakuomba ulichukulie jambo hili kwa uzito, kwa sababu masikio ndiyo chombo chako cha kazi. Shirika la Afya Duniani linataja desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kama kiwango salama kwa mtu mzima. Ukipanda hadi desibeli 90, saa hizo hushuka hadi 4 tu. Faida kubwa ya kizuia kelele ni kwamba huna haja tena ya kupandisha sauti ili kuushinda mngurumo wa nje. Lakini usizivae ukivuka barabara.

Mwisho, matundu ya vinanda vingi ni ya milimita 6.35, kwa hiyo utahitaji adapta. Chagua ya stirio, ambayo pini yake ina mikanda miwili myeusi. Ile yenye mkanda mmoja ni ya mono, na ukiitumia huenda ukasikia sauti upande mmoja tu, ukadhani hedifoni zimeharibika.