Faili za mteja aliyefunga akaunti 2021

Ndugu, eti stoo yenu ya Kisumu imejaa na mnataka kuchoma faili za mteja wenu wa hisa aliyefunga akaunti 2021? Weka kiberiti chini. Sheria ya kuzuia utakatishaji wa fedha ya 2009 inataka miaka isiyopungua 7, na akaunti ikifungwa mnahesabu tangu siku hiyo. Basi ni hadi 2028. Chunga zaidi karatasi za oda za kununua na kuuza hisa: saa, sahihi, nani alipokea simu. Taarifa ya CDSC, kampuni inayotunza kumbukumbu za hisa kielektroniki, itaonyesha hisa zimetoka, lakini haitaonyesha nani alisema "uza". Sisi faili moja ililiwa na mchwa, tukahangaika miezi. Skani zote, na hayo maboksi yainueni kutoka sakafuni. Unyevu wa ziwa mnaujua.