Breki za nyuma zisizokamata baada ya kuinua gari

Mchanga wa ufuko wa Msimbati ndio ulionionyesha hitilafu ambayo mafundi wawili wa mjini Mtwara walikuwa wameitafuta kwa majuma matatu bila kuiona. Nilikanyaga breki kwa nguvu kwenye mchanga uliolowa, nikashuka, nikarudi nyuma kutazama alama. Tairi za mbele zilikuwa zimekwaruza mistari miwili mirefu, lakini juu ya mistari hiyohiyo tairi za nyuma zilikuwa zimepita zikizunguka, zikaacha chapa ya meno yake ikiwa safi kama muhuri.

Gari lenyewe ni pikapu, Toyota Hilux ya zamani isiyo na ABS (mfumo unaozuia tairi kujifunga breki zikikanyagwa), ambayo kiwandani ilitoka na dramu nyuma, yaani breki zinazokamata ndani ya ngoma ya chuma. Nilipoifunga tairi kubwa na kuinua springi zake kwa takribani sentimita 7, ili ipite njia za Rondo wakati wa masika, niliondoa pia dramu na kuweka diski, yaani sahani za chuma zinazobanwa na pedi, nikiamini kwamba diski pekee zingetosha kuongeza nguvu ya kusimama. Kumbe nilijidanganya. Pedali ilishuka karibu na sakafu, na siku niliyoteremka kutoka Newala kuelekea Masasi bodi ikiwa tupu, breki za mbele zilitoa harufu ya kuungua ilhali rimu za nyuma zilikuwa vuguvugu tu.

Suala la pedali lilikuwa jepesi. Kalipa, yaani kibanio cha pedi za diski, huhitaji mafuta mengi ya breki kuliko silinda ndogo za dramu, kwa hiyo masta silinda ya awali, ile pampu inayosukumwa na pedali, haikutosha. Nilipoweka yenye kipenyo kikubwa zaidi pedali ilipanda, ingawa sasa inadai mguu mzito kidogo. Nyuma, hata hivyo, hakukubadilika kitu.

Aliyemaliza kazi ni mzee mmoja wa Mikindani, ambaye hakugusa hata spana kabla ya kulala chini ya gari kwa dakika kadhaa. "Mwanangu," aliniambia, "gari umelinyanyua, lakini hiki kidude umekiacha kinadhani hujabeba hata gunia moja." Kidude chenyewe ni vali ya mafuta ya breki iliyofungwa kwenye chesisi (fremu ya gari) na kuunganishwa na ekseli ya nyuma (mhimili wa magurudumu) kwa fito. Gari likibeba mzigo, chesisi hushuka, fito husukumwa juu, na vali huruhusu shinikizo zaidi liende nyuma. Gari likiwa tupu, vali hulipunguza ili tairi za nyuma zisijifunge na kulizungusha gari barabarani. Mimi nilipoinua springi niliongeza umbali kati ya chesisi na ekseli, na vali ikasoma kwamba gari ni tupu kuliko tupu. Dawa yake ilikuwa bamba la chuma lililoinua kishikizo cha fito kwenye ekseli kwa kimo kilekile nilichoongeza.

Vali hiyohiyo ndiyo iliyoharibu kazi ya kutoa upepo, yaani kuondoa hewa kwenye mafuta ya breki. Mafundi wa awali waliweka stendi chini ya chesisi, ekseli ikaning'inia, na mafuta yakafika nyuma kwa shida. Weka stendi chini ya ekseli, na kama vali ina nipeli yake (skrubu ya kutolea hewa), itolee upepo nayo pia. Kisha hakikisha nipeli za kalipa zimekaa juu: zangu zilikuwa zimefungwa kulia mahali pa kushoto, nipeli zikatazama chini, na hewa, ambayo siku zote hupanda, ikabaki imejificha juu ya pistoni. Kwa sisi tunaopita ufukweni, ongeza kukagua pini ambazo kalipa huteleza juu yake, kwa maana chumvi huzishika kutu mapema.

Usishawishike kuondoa vali hiyo kabisa, kama wengine wanavyoshauri, kwa kuwa tairi za nyuma zikijifunga kabla ya zile za mbele kwenye mteremko wenye changarawe, mkia wa gari utataka kukupita. Nilirekebisha bamba kidogo kidogo, nikirudi Msimbati kujaribu kwa mwendo mdogo mahali pasipo na watu, hadi siku ambayo mistari ya mbele ilibaki mirefu, na juu yake chapa ya meno ya nyuma ikawa imeburuzwa na kufutika nusu. Hapo nikakaza nati na kuacha kuigusa.