Ukiingiza Uingereza mwaka 1957, kahawa ya babu yangu inakwenda wapi?

Kikundi chetu huandika historia mbadala: tunageuza tukio moja la kweli, tunaloliita njia panda, kisha tunaandika uzi wa yale ambayo yangefuata. Mwezi huu nimesoma miswada minne ya wageni wetu. Mitatu inaanzia palepale: Uingereza inatia saini Mkataba wa Roma tarehe 25 Machi 1957 pamoja na zile nchi sita zilizoanzisha Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya, makofi yanapigwa, kisha tunarushwa hadi Maastricht, mkataba uleule wa Umoja wa Ulaya, mwaka uleule, na tarehe 1 Januari 1999 inazaliwa yuro ileile. Wa nne una Muungano wa Ulaya aliouwaza Briand, waziri wa Ufaransa, wa mwaka 1930 unaozima vita kabla havijaanza, na Hitler anapita mara moja tu, anauza picha zake mtaani Munich. Mwaka 1930! Septemba ya mwaka huo chama chake kilitoka viti 12 kikafika 107. Huyo si muuza picha.

Nawapenda, wadogo zangu. Nisingewapenda ningekunywa chai yangu nikanyamaza, kama wanavyofanya wakongwe wenzangu kule viti vya nyuma. Lakini makosa haya niliyafanya mimi kabla yenu, tena kwa mbwembwe kubwa kuliko zenu, na sioni kwa nini kila mwaka tuyalipie upya.

1. Njia panda iwe moja, na iwe ndogo. Zikiwa mbili, hiyo ni kazi ya jini, wapelekeeni wapenda majini.

Mfano mzuri upo na hamuutumii. Tarehe 30 Agosti 1954 Bunge la Ufaransa liliiua Jumuiya ya Ulinzi ya Ulaya, ule mpango wa jeshi la pamoja, kwa kura 319 dhidi ya 264. Tena mkataba wenyewe haukupigiwa kura. Ilipitishwa hoja ya utaratibu ya kuacha kabisa kuujadili, na waliopinga wakasimama wakaimba wimbo wa taifa. Pigeni hesabu: wahame wabunge 28 na matokeo yanageuka. Watu 28 wanaenea kwenye daladala moja ya Mbagala, wawili watatu wakining'inia mlangoni. Hapo huhitaji jini. Unahitaji waziri mkuu Mendès France aliye tayari kuiweka serikali yake rehani kwa ajili ya mkataba, jambo ambalo yule wa kweli hakulifanya. Na Italia ilikuwa bado haijaridhia, msiisahau.

Mwaka jana binti mmoja aliipita njia panda hiyo vizuri sana. Nikafurahi, nikamnunulia soda. Sura iliyofuata mawaziri wake wakaenda Messina, Juni 1955, kwenye mkutano ulioanzisha safari ya kwenda Mkataba wa Roma. Nikamuuliza, wanakwenda kufanya nini, kuogelea? Messina ilikuwapo kwa sababu lile jeshi la pamoja lilikufa. Kifungu cha 38 cha mkataba ule kilikuwa kimeshazaa rasimu ya jumuiya ya kisiasa, yenye bunge lake na baraza lake, tangu Machi 1953. Mwenye nyumba harudi kutafuta kiwanja. Alininunia wiki mbili. Siku hizi anaandika vizuri kuliko sisi sote, na soda hanunui.

2. Saini ni posa, ndoa ni kuridhia. Norwei ilitia saini kuingia Jumuiya Januari 1972, na Septemba wananchi wake wakakataa kwa asilimia 53.5.

3. Yule afisa wa wizara ya biashara wa Uingereza aliyetumwa kwenye mazungumzo ya Brussels mwaka 1955, Russell Bretherton, msimwekee tena ile hotuba ya kuaga mnayoipenda nyote, kwa sababu haimo kwenye kumbukumbu za vikao.

4. Daftari la hesabu. Hapa niruhusuni nikae kidogo, maana ndipo nilipoumia.

Kwa miezi kumi na moja niliandika uzi niliouita "Saba". Njia panda yangu ilikuwa Novemba 1955: London haimwondoi Bretherton kwenye kamati ya Spaak, iliyoandaa njia ya Mkataba wa Roma. Anabaki Brussels, anabishana, anapiga simu nyumbani, na taratibu wakubwa wake wanalainika. Uingereza inakuwa mwanachama mwanzilishi wa saba. Safi kabisa, si ndiyo? Mtu mmoja tu hakupanda treni.

Nilijua kila kitu. Nilijua wajumbe walivyokaa kwenye kasri la Val Duchesse, mkataba ulipojadiliwa. Niligawa upya viti vya Baraza na uzito wa kura. Niliandika kurasa tisa juu ya ngano ya Canada na siagi ya New Zealand, nikajiona mchumi. Hata siku ile ya 6 Novemba 1956 niliiweka, Adenauer wa Ujerumani yuko Paris na Mollet wa Ufaransa, simu ya Eden wa Uingereza inaingia kusema vita vya Suez basi. Watu waliosoma sehemu hiyo walisema wamesisimka. Kurasa 212. Siku ya kuusoma mbele ya kikundi nilivaa shati jipya la kitenge.

Kulikuwa na mzee amekuja kumsindikiza mjukuu wake. Mstaafu wa chama cha ushirika cha kahawa, mtu wa Kagera. Hakuwa mmoja wetu. Alisikiliza saa mbili nzima bila kugusa karanga zilizokuwa mbele yake. Nilipomaliza, watu wakapiga makofi, naye akasubiri yaishe ndipo akainua mkono.

"Mwanangu, umesoma vizuri. Sasa katika huo mkataba wako wa saba, kahawa yetu inauzwaje?"

"Kahawa ipi, mzee?"

"Ya Bukoba. Mwaka 1957 sisi tulikuwa chini ya nani?"

Niliangalia karatasi zangu kana kwamba jibu lingejiandika lenyewe. Tulikuwa chini ya Mwingereza. Na Mwingereza nilikuwa nimemwingiza ndani kwa mikono yangu.

Twendeni kwenye uzi wa kweli, yaani historia ilivyotokea. Mkataba wa Roma una Kiambatisho cha 4: orodha ya maeneo ya ng'ambo ya wanachama yanayoshirikishwa na soko lile. Imo Afrika Magharibi ya Kifaransa, imo Kongo ya Wabelgiji, imo Ruanda-Urundi, imo Somalia iliyokuwa chini ya udhamini wa Italia. Yaani mkulima wa kahawa wa Ngozi, kule Urundi, alikuwa na jina mlangoni, na mkulima wa Bukoba, upande wa pili wa mpaka, hakuwa nalo. Hawakutofautiana kwa udongo wala kwa mvua. Walitofautiana kwa bendera ya ofisi ya bwana shauri. Mimi nilimleta bwana huyo mezani Roma, nikamwacha mkulima nje, na kibaya zaidi sikujua kwamba nimemwacha.

Mzee hakuwa amemaliza. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayepima gunia analojua limepungua. Je, ule mfuko wa maendeleo wa maeneo yaliyoorodheshwa ulikuwa na fedha kiasi gani? Hilo nililijua: milioni 581 za vipimo vya hesabu, ile fedha ya kwenye vitabu vya Jumuiya, kwa miaka mitano, na zaidi ya milioni 511 zilikwenda maeneo ya Kifaransa. Basi, akasema, na hao wa Nigeria, Kenya, Uganda na Tanganyika wakiingia, watakula kwenye sufuria ileile? Mfaransa atakubali? Nikaona kurasa zangu tisa za siagi zinayeyuka. Ufaransa ilifanya suala la makoloni kuwa sharti la kutia saini. Kama Uingereza ingekuwa pale, zogo la kwanza Val Duchesse lingekuwa hilo, na huenda mkataba ungefia hapohapo. Ghana nayo ilipata uhuru tarehe 6 Machi 1957, siku 19 kabla ya Roma. Ingeorodheshwa kama nini? Nkrumah angekubali kuorodheshwa? Katika "Saba", Nkrumah hatajwi. Naona aibu hata kuandika sentensi hiyo.

Kisha udhamini. Tanganyika haikuwa koloni la kawaida; ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na Hati ya umoja huo, kifungu cha 76, inataka wanachama wote watendewe sawa katika biashara ya maeneo hayo. Mwalimu Nyerere alikuwa ameshasimama mbele ya Baraza la Udhamini New York tangu Machi 1955. Mnadhani angeuona ushuru wa pamoja wa nchi saba za Ulaya ukibandikwa bandari ya Dar es Salaam, akakaa kimya? Kweli, Ruanda-Urundi nayo ilikuwa ya udhamini na bado iliorodheshwa, kwa hiyo hoja hii ina njia ya kuizunguka. Lakini mimi sikuizunguka. Mtu hazunguki shimo asiloliona.

"Nimeona pia uhuru umetufikia tarehe ileile," mzee akasema mwishoni. "Tarehe 9 Desemba 1961. Ahsante."

Ukumbi ukacheka. Nami nikacheka, kwa sababu ningefanya nini? Kwa kweli nilikuwa nimeiandika hivyo, sentensi moja, katikati ya aya inayohusu bei ya chuma. Niliihamisha Uingereza nzima, nikabadilisha soko, fedha, kura na mawaziri, halafu historia ya kwetu nikaiacha mahali pake kama kabati lisilosogea wakati wa kufagia.

Nilipofika nyumbani nilimkumbuka babu mzaa mama, ambaye alikuwa na mibuni yake na redio ya mbao. Huyo angeuliza swali la mzee yule kabla hata sijamaliza kutamka neno "mkataba". Nami, mjukuu wake, nilikaa miezi kumi na moja Brussels.

Ningekuwa nimesoma mbele kidogo tu kwenye uzi wa kweli ningestuka mapema. Uingereza ilipoomba kuingia mara ya kwanza, mwaka 1962 Tanganyika, Ghana na Nigeria zilikataa kushirikishwa kwa mtindo ule wa Kiambatisho cha 4. Baadaye Kenya, Uganda na Tanzania zikatafuta mlango wao wenyewe. Mkataba wa kwanza ulitiwa saini Arusha mwaka 1968, haukuanza kutumika (rudi nambari 2), ukaja wa pili Septemba 1969. Na bidhaa gani ziliwekewa kiwango katika msamaha wa ushuru? Kahawa, karafuu na nanasi za kopo. Kwa nini? Kwa sababu walioingia mlangoni kwanza hawakutaka kusukumwa. Ni Ngozi na Bukoba tena. Mzee hakuyapata haya vitabuni, aliyapata mizanini.

Basi daftari ni hili: kwa kila nchi unayoingiza au kuitoa, andika nani analipa ushuru, bandari gani, kwa fedha ya nani.

5. Usimuue de Gaulle. Najua Petit-Clamart, alikoviziwa auawe Agosti 1962, inavutia: risasi zilipigwa kweli, gari lilitobolewa kweli, na wewe unataka ile hapana aliyoiambia Uingereza tarehe 14 Januari 1963 isitamkwe. Njia panda ni halali. Ila mkishamzika mnasherehekea kama wapangaji waliofiwa na mwenye nyumba, mnasahau kodi iko palepale. Wakulima wa Ufaransa hawakufa naye. Sera ya pamoja ya kilimo ilikuwa ndiyo kwanza imekubaliwa Januari 1962, na rais yeyote wa Paris angetaka fedha zake zifungwe kamba kabla Mwingereza hajakaribishwa mezani. Nimewahi kusoma uzi ambao de Gaulle anauawa mara mbili. Mara ya pili mwandishi alikuwa amesahau ile ya kwanza.

6. Hispania ya dikteta Franco haiingii Jumuiya mwaka 1962 kwa sababu tu imeandika barua. Barua iliandikwa kweli, na jibu lake mlitafute wenyewe kwenye ripoti ya Birkelbach ya Januari mwaka huohuo, iliyotaka wanachama wawe wa kidemokrasia.

7. Algeria, ikihesabiwa sehemu ya Ufaransa, ilikuwa ndani ya Jumuiya mwaka 1958, kwa hiyo ramani zenu zote zinakosea upande wa kusini.

8. Yuro si mtoto wa lazima. Ripoti ya Werner ya mwaka 1970 iliutaka umoja wa fedha ifikapo 1980, ikashindikana. Ukiwa na njia panda ya 1954 au 1957, tarehe yako isiwe ya 1999 ila kama umeitolea jasho.

Nilikuwa na ya 9, ya pendekezo la Muungano wa Ufaransa na Uingereza la tarehe 16 Juni 1940, de Gaulle akilisoma kwa simu kutoka London na waziri mkuu Reynaud akijiuzulu jioni ileile. Lakini wawili kati yenu mnaliandika sasa hivi na sitaki kuwaharibia. Nasema hivi tu: Mollet alilirudisha wazo hilo kwa Eden mwaka 1956. Mkilijua mapema litawafaa.

"Saba" yenyewe nimeirudia mara tatu. Imekwama Februari 1957. Tanganyika nimeshaiingiza kwenye orodha, na Nyerere ameshakata tiketi ya New York. Ila pembeni ya Zanzibar nimeweka alama ya kuuliza kwa penseli, kwa sababu ile ilikuwa nchi ya Sultani chini ya ulinzi wa Mwingereza, na sijapata namna ya kuandika karafuu zake kwenye kiambatisho bila Sultani kutaka kiti. Mwenye kuijua habari ya karafuu aje mapema Jumamosi, kabla ya zamu ya yule wa Franco, na aje na karanga. Mzee naye amesema atakuja.