Maswali na majibu: Helikopta za rimoti na waliozifundisha kuelea

Wiki iliyopita niliandika hapa habari za Dieter Schlüter, fundi wa Ujerumani ambaye Juni 1970 aliirusha helikopta yake ya rimoti, mfano mdogo wa helikopta ya kivita Bell Huey Cobra, umbali wa kilometa 11.5 kwa dakika 27 na sekunde 51. Barua zimekuja nyingi. Leo najibu tano.

Mwalimu, shikamoo. Ulimwita Schlüter baba wa helikopta za rimoti. Baba yangu mdogo ni fundi wa ndege, anasema kuna Mmarekani aliyerusha helikopta ndogo miaka mingi kabla yake. Tumwamini nani? (Mwanafunzi, Morogoro)

Marahaba, mwanangu. Mwamini baba mdogo, lakini usinitupe na mimi.

Mmarekani huyo ni Arthur Young. Alimaliza masomo ya hisabati Princeton mwaka 1927, na mwaka uliofuata akaanza kuunda helikopta ndogo. Hakuzigusa kubwa mpaka 1941. Muda wote huo alikuwa akiunda, anavunja, anaunda tena, na miaka ya mwisho kazi ilifanyika kwenye banda la shamba huko Paoli, Pennsylvania. Tatizo lake ni lile lile linalomsumbua kila anayeanza leo. Helikopta inainuka vizuri, halafu inaanza kuyumba. Yumbo la pili linazidi la kwanza, la tatu linazidi la pili, mara mapanga yanagonga chini.

Dawa aliyoipata ni fito yenye vizito kwenye ncha zake mbili, iliyokaa msalaba na mapanga na kuzunguka pamoja nayo. Kitu kinachozunguka kwa kasi hakipendi kubadili mlalo wake. Kiwiliwili kikiinama, ile fito hubaki kama ilivyokuwa, na kwa kuwa imeungwa na mapanga, huyarudisha mahali pake. Baada ya hapo Young aliweza kuitoa helikopta yake nje ya banda kupitia mlangoni na kuirudisha ndani. Mwaka 1941 aliipeleka kwa kampuni ya Bell, na kutokana na fito ile ikazaliwa Bell 47, ambayo tarehe 8 Machi 1946 ilikuwa helikopta ya kwanza kuidhinishwa kwa matumizi ya kiraia.

Sasa mbona namtaja Schlüter? Kwa sababu Young aliongoza kwa waya. Umeme ulitoka chini, amri zilitoka chini, na helikopta haikuweza kwenda mbali kuliko waya wake. Schlüter alilazimika kubebesha kila kitu juu: injini, mafuta, kipokezi cha redio, betri na mota ndogo za kuelekeza mapanga, huku chombo kizima kikitetemeka.

Naye hakuanza bila msingi. Alichukua wazo la Stanley Hiller wa California, kijana aliyerusha helikopta yake mwenyewe mwaka 1944 akiwa na miaka 19. Baadaye Hiller alifunga vibawa vidogo kwenye ncha za fito. Rubani anaelekeza vibawa, vibawa vinainamisha fito, fito inainamisha mapanga makubwa. Vibawa hivyo vinakamata hewa, kwa hiyo kuyumba kunapungua. Schlüter aliviweka kwenye Huey Cobra yake, na mwaka 1972 ilikuwa tayari inauzwa kwa vipande ili mtu aiunge nyumbani.

Hebu litazame wazo hili lilivyosafiri. Lilizaliwa kwenye chombo cha kuchezea ndani ya banda, likapanda kwenye helikopta za kubeba watu, kisha likarudi kwenye chombo cha kuchezea. Ndiyo maana sikubali mtu akiziita hizi midoli tu.

Nimenunua helikopta ya rimoti sokoni. Nikiinua tu, inazunguka yenyewe kama pia. Ni mbovu? (Msomaji, Thika)

Inawezekana si mbovu. Injini ikisukuma pangaboi upande mmoja, kiwiliwili husukumwa upande wa pili. Pangaboi dogo la mkiani lipo kwa kazi ya kuzuia hilo. Kagua kwanza kama linazunguka kwa nguvu na kama halikuzibwa na nywele au nyuzi za zulia. Kisha iweke mezani, washa, na usiiguse mpaka taa itulie. Ndani kuna jairo, kifaa kinachohisi mgeuko, na wakati wa kuwaka kinajifunza "kutulia" ni kupi. Ukiwa umeishika mkononi, kinajifunza vibaya.

Wakongwe wa miaka ya 1970 walirusha bila jairo. Kila walipoongeza mafuta mkia ulikimbia, na kidole cha mkono wa kushoto kikaufuata kwenye rimoti ili kuurudisha. Tena mapanga ya Huey Cobra za kwanza yalikuwa na pembe isiyobadilika, hivyo kupanda na kushuka kulitegemea kasi ya injini, na injini huchelewa kuitika. Jet Ranger, helikopta ya rimoti ya Franz Kavan wa Nuremberg, ndiyo iliyowaletea wengi mapanga yanayobadili pembe kwa pamoja, kama ya helikopta kubwa. Hapo ndipo mkono ukaanza kupata jibu papo hapo.

Kwa nini droni za siku hizi zina mapangaboi manne, na mtoto anaweza kuirusha siku ya kwanza? (Mpiga picha za harusi, Tanga)

Manne si wazo jipya. Mfaransa Étienne Oehmichen aliruka na chombo cha namna hiyo mzunguko wa kilometa moja mwezi Mei 1924. Kwenye droni yako mawili yanazunguka kulia, mawili kushoto, hivyo kiwiliwili hakigeuzwi na mkia hauhitajiki. Ukitaka kwenda mbele unaongeza kasi ya yale ya nyuma. Vyuma vinavyosogea ni vichache mno.

Ila binadamu hawezi kusahihisha kasi ya mota nne mara mamia kwa sekunde. Ilibidi kusubiri jairo ndogo, nyepesi na za bei nafuu. Japani walikuwa na Gyrosaucer ya Keyence mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Kanada ikatoa Draganflyer mwaka 1999. Frank Wang, aliyeanzisha DJI, kampuni ya droni ya China, mwaka 2006, alianza na helikopta ya pangaboi moja. Kazi yake ya kumaliza chuo Hong Kong ilikuwa kifaa cha kuituliza. Droni unayopiga nayo picha za bwana harusi imetokana na kijana aliyechoshwa na helikopta kuanguka.

Ile droni iliyokuwa ikileta dawa Ukerewe ilikuwa helikopta au ndege? Ilipanda wima lakini ilipoondoka ilikuwa na mabawa. (Muuguzi, Nansio)

Dada, umeona vizuri. Ni vyote viwili. Ile ni Parcelcopter 4.0 ya DHL, kampuni ya kusafirisha vifurushi, iliyoundwa na Wingcopter ya Ujerumani, na mwaka 2018 ilifanyiwa majaribio ya miezi sita juu ya Ziwa Victoria. Mota zake hutazama juu wakati wa kupanda. Ikishafika juu, mota huinama mbele na mabawa hubeba uzito. Kuelea hula betri vibaya sana, kwa sababu mota ndizo zinazobeba kila gramu. Bawa hubeba kwa gharama ndogo zaidi. Ndivyo ilivyoweza kuvuka kilometa 60 kwa wastani wa dakika 40, kisha ikatua pasipo na uwanja. Kwangu mimi hicho ndicho chombo kizuri kuliko vyote nilivyotaja leo.

Mwanangu wa miaka 13 anataka helikopta kubwa, ya pangaboi la mita moja na nusu. Nimnunulie? (Mama, Mombasa)

Hapana, mama. Bado. Pangaboi la ukubwa huo likizunguka mara 1,800 kwa dakika, ncha zake hukata hewa kwa takriban kilometa 500 kwa saa. Mkono hauponi hapo. Mnunulie ndogo ya kurushwa ndani ya nyumba, na programu ya mazoezi ya kompyuta. Ajifunze kwanza kuielesha mkia ukimtazama yeye. Pua ikimgeukia, kushoto kunakuwa kulia, na hapo ndipo wengi huangusha. Kabla ya kununua chochote cha kurusha nje, uliza KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, kuhusu kibali. Wasomaji wa Tanzania waulize TCAA, mamlaka ya kwao. Betri za lithiamu zisichajiwe usiku watu wamelala.

Akitaka kitu cha mikono wakati anasubiri, mpe mbao laini achonge mapanga mawili yanayofanana. Ayaunge katikati na kuyaning'iniza kwa uzi. Upande mmoja ukiinama, abandike utepe kwenye ule mwepesi, apime tena, mpaka yalale sawa.