Mkuu, kabla hujatuma hiyo hela ya kitalu nyumba

Usitume. Kama umeshatoa kianzio, piga simu sasa hivi ukidai, halafu urudi usome.

Nimeusoma uzi wako mara mbili. Milioni tatu na laki mbili za wazazi na mfadhili kwa bustani ya shule, watoto wa darasa la tano, jamaa anakuuzia kitalu nyumba (kile kibanda cha nailoni na wavu cha kupandia mboga) na mipira ya kumwagilia kwa matone, unauliza upande nyanya au hoho, kuku wa mayai waanze lini, barua ya mwalimu mkuu iandikweje. Unataka watoto wajue chakula kinatoka wapi. Mwaka 2019 nilikuwa nayasema maneno hayohayo, kwenye shule ya msingi niliyosoma mwenyewe, pembezoni mwa Morogoro. Ukitaka kujua nyanya zangu zilitoka wapi, zilitoka sokoni. Nilinunua sado moja ili siku ya wazazi meza isikae tupu.

Tulichangishana kwenye grupu la WhatsApp la tuliomaliza pamoja, ikapatikana milioni tatu. Mimi nikaongeza yangu milioni moja na laki sita, kwa sababu muuzaji alisema kitalu kidogo "hakilipi". Alikuja na kofia ya majani na kalamu tatu mfukoni. Akachukua karatasi: miche 300, kila mche kilo kumi, hizo ni tani tatu, zidisha kwa bei ya sokoni. Kwenye karatasi ile hadi Agosti nilikuwa tajiri. Na hapa ndipo najicheka mwenyewe kabla hamjanicheka: naishi mji wenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ushauri nikaenda kuutafuta kwa muuza mabomba.

Hakuuliza udongo ukoje. Hakuuliza pale palilimwa nini kabla (walimu walikuwa wamelima bilinganya misimu miwili mfululizo, lishike hilo). Hakuuliza shule inafungwa lini. Alichofanya ni kutupa masharti: watoto wasiingie ovyo, wanaleta magonjwa. Tukaweka kufuli. Yaani tumejenga darasa la kilimo ambalo wanafunzi wanasimama nje wanachungulia kwenye wavu, ndani naingia mimi na mlinzi tu, tena baada ya kuchovya viatu kwenye beseni la dawa. Kuna binti aliniuliza kwa upole kabisa, "Anko, mle ndani wamelazwa?"

Nikacheka. Mwezi Mei wakalazwa kweli.

Ilianza kona ya chini. Miche inalegea saa sita mchana, jioni inasimama. Siku ya nne haikusimama. Majani bado ya kijani, hayana doa, lakini yananing'inia kama kitambaa kilicholowa. Nikampigia mtaalamu wangu. "Ongeza maji, na nakutumia dawa." Dawa ya ukungu, laki moja na elfu themanini na nauli ya basi juu. Nikaongeza maji. Nikapuliza dawa. Ugonjwa ukashuka na mteremko, mstari kwa mstari, kama unaitwa majina.

Mwishowe mwalimu mmoja akamwita bibi shamba wa kata, ambaye ofisi yake ilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa bodaboda na hatoi risiti ya milioni nne. Majani hakuyaangalia. Alikata shina karibu na ardhi, akaomba glasi ya maji safi, akalishika shina lining'inie ndani ya maji bila kulitikisa. Tukasubiri. Baada ya dakika chache, kwenye mkato pakaanza kushuka uzi mweupe mwembamba, kama moshi wa udi uliosahau kwenda juu. Watoto walisogea mpaka vichwa vikagongana.

"Mnyauko wa bakteria," akasema. "Umo kwenye udongo, na dawa ya kuuponya mche hakuna. Maji mliyokuwa mnaongeza ndiyo yaliyousambaza."

Zile bilinganya za walimu, mkuu. Bilinganya, nyanya, hoho, nyanya chungu na viazi mviringo ni ukoo mmoja, zinaachiana ugonjwa huu ardhini, na unakaa humo miaka. Nailoni ya juu haizuii kilichoko chini. Kwa hiyo hilo swali lako la nyanya au hoho, kwa ugonjwa huu, ni kuchagua mtoto yupi wa nyumba moja aumwe. Na glasi ile ya maji, ya bure, ndiyo somo pekee la kilimo walilopata watoto muhula mzima.

Ingekuwa hapo tu ningesema bahati mbaya. Lakini miche iliyopona ilianza kuiva wiki ileile shule inafungwa, mwanzoni mwa Juni. Tulihamisha miche katikati ya Machi, nyanya inataka kama siku 75 hivi kuanza kuvunwa, hesabu ya darasa la tatu, na hakuna aliyeipiga, si mimi si yule wa kalamu tatu. Watoto wakaenda likizo. Mlinzi akapata msiba Kilosa, mlango ukabaki wazi, kanitangaze, yule mdudu ambaye funza wake hutoboa nyanya, akaingia bila kuchovya viatu. Julai nilipofungua mbele ya watoto, harufu ilitutangulia. Kijana mmoja akaokota nyanya nyekundu, nzuri kwa nje, akaipasua. Funza akageuka humo ndani kutazama nani kawasha taa.

Muhula huo mwalimu wa Kiswahili aliwapa insha ya kilimo. Mmoja akaandika kwamba kilimo ni kazi ya watu wenye hela za kupoteza. Akapewa 18 kwa 20. Milioni nne na laki sita, mkuu, na nilichofundisha ni hicho. Grupu la WhatsApp nilijitoa mwenyewe, admini hakunitoa, muelewe hivyo.

Sasa shika hili moja, mengine yote tupa: watoto lazima wale walichopanda kabla shule haijafungwa. Chukua kalenda, weka alama siku ya kufunga, rudi nyuma wiki mbili, hiyo ndiyo siku ya kula. Zao lisilofika hapo, hata liwe na faida gani, si la mwaka huu. Mahindi hapana. Nyanya hapana. Mchicha ndiyo, wiki tatu hadi nne unang'olewa. Matembele ndiyo, vipando unaomba kwa jirani. Mbegu ya mchicha changanya na mchanga isiangukie fungu moja, upana wa tuta usizidi mita moja ili mkono wa mtoto ufike katikati bila kukanyaga. Na hakuna kufuli.

Tulirudia Agosti kwa mbegu zisizofika elfu tano. Tuta la kwanza kuku wa jirani walilimaliza, tukapanda tena, hasara ya elfu moja, hakuna aliyelia. Siku ya kula, mama anayepika uji wa shule akapika mchicha huo na ugali. Kijana mmoja akasukuma sahani: "Si huu tuliuwekea mavi ya ng'ombe?" Vijiko vyote vikasimama. Yule mama hakugeuka hata kwenye sufuria: "Na uliokula jana kwenu uliota kwenye sukari?"

Wakala. Walirudia.

Kuku sijawahi kufuga, watakujibu wenye kuku. Barua mimi sikuandika, mwalimu mkuu tulisoma naye. Uliuliza na kitu kingine, nimeshasahau. Nijibu wewe kwanza: shule yenu inafungwa tarehe ngapi? Na huyo jamaa wa kitalu, ana kalamu tatu mfukoni?