Maswali na Majibu: Wachezaji Wanaofuatilia Seli za Neva

Katika toleo lililopita nilieleza kwa ufupi habari za EyeWire, mchezo wa kompyuta uliofunguliwa kwa umma mwaka 2012 na maabara ya Profesa Sebastian Seung, ambaye wakati huo alikuwa katika chuo cha MIT nchini Marekani. Kupitia mchezo huo, watu wasio wanasayansi husaidia kuchora ramani ya seli za neva. Maswali mengi yamefika tangu hapo, na leo nayajibu machache.

Mchezaji anapoufungua mchezo huo, anafanya nini hasa?

Anapaka rangi, ingawa upakaji wenyewe unadai macho makini. Kipande kidogo cha retina ya panya, yaani ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kilipigwa picha kwa hadubini ya elektroni katika taasisi ya Max Planck mjini Heidelberg, Ujerumani. Uso wa kipande ulipigwa picha, tabaka jembamba mno likakwanguliwa, uso mpya uliojitokeza ukapigwa tena, na kazi ikaendelea hivyo mpaka picha hizo, zikipangwa moja juu ya nyingine, zikawa na umbo zima la kipande kile. Mchezaji hupewa mchemraba mdogo uliokatwa kutoka katika rundo hilo la picha. Upande mmoja wa kioo anaona tabaka moja la rangi ya kijivu, lililojaa vijitundu na mizunguko kama shina la mgomba lililokatwa kwa panga, na kila mzunguko ni tawi la seli fulani lililokatwa kati. Anashuka tabaka baada ya tabaka akilifuata tawi lile lile na kulipaka rangi, huku upande wa pili wa kioo umbo la tawi likijijenga mbele yake. Tawi likifika ukingoni mwa mchemraba, linaendelea katika mchemraba wa jirani, ambao huenda akapewa mtu aliye nchi nyingine kabisa.

Kwa nini kompyuta isiifanye kazi hiyo yenyewe?

Sehemu kubwa inaifanya. Kabla mchezaji hajaanza, programu ya akili unde huwa imekwisha kukisia ni vipande vipi vya picha vinavyokwenda pamoja. Tatizo ni kwamba matawi ya neva husongamana na kupindana, mengine yakiwa membamba kupita kiasi, na mahali ambapo mpaka kati ya seli mbili umefifia, programu ama huliacha tawi katikati ya njia, ama huzishikamanisha seli mbili kana kwamba ni moja. Kosa la pili ndilo baya zaidi, kwa sababu mshikamano mmoja tu wa uongo unaweza kubadili picha yote ya nani anazungumza na nani ndani ya ubongo.

Mimi sikusoma biolojia. Nikikosea, sitauharibu utafiti wa watu?

Hapana, kwa sababu hakuna anayeaminiwa peke yake. Mchezaji mpya kwanza hufundishwa kwa michemraba ambayo majibu yake yanajulikana. Akiingia katika kazi halisi, mchemraba mmoja hupewa watu kadhaa bila mmoja kuona alichofanya mwenzake, kisha njia walizopaka rangi hulinganishwa, na alama anazopata mtu hutegemea kwa kiasi kikubwa jinsi alivyokubaliana na wengine. Wachezaji wenye uzoefu hupewa madaraka ya kuipitia seli nzima na kurekebisha palipokosewa. Kwa maoni yangu, utaratibu huu wa kukaguana ndio moyo wa jambo lote, kwani bila huo wingi wa watu ungezaa wingi wa makosa.

Je, kuna lolote lililogunduliwa, au ni burudani tu?

Lipo, na naomba nilieleze kwa nafasi. Tangu miaka ya 1960 ilijulikana kwamba baadhi ya seli za retina husisimka kitu kinapopita mbele ya jicho kuelekea upande mmoja, na hunyamaza kikielekea upande wa pili. Swali lilikuwa ni vipi seli za retina zimeunganishwa, kama waya, hata zikaweza kutofautisha mwelekeo. Wachezaji wa EyeWire walisaidia kuzifuatilia seli zenye umbo la nyota ambazo matawi yake hutawanyika kila upande kutoka kiini cha katikati. Ilionekana kwamba karibu na kiini matawi hayo hupokea mawasiliano zaidi kutoka aina moja ya seli, ambayo ishara yake huchelewa kidogo, na mbali na kiini hupokea zaidi kutoka aina nyingine, ambayo ishara yake huwahi. Kitu kikienda kutoka katikati kuelekea nje, ishara iliyoanza mapema na kuchelewa njiani hufika pamoja na ile iliyoanza baadaye ikawahi, zikaongezana nguvu. Kikirudi ndani, zinafika kwa nyakati tofauti. Maelezo hayo yalichapishwa katika jarida la Nature mwaka 2014, na wachezaji wakatajwa kwa pamoja miongoni mwa waandishi, heshima ambayo naona walistahili kabisa. Mwaka 2018 ulifuata mkusanyo wa seli 396 za retina hiyo, zilizogawanywa katika aina 47.

Kwa nini panya, na si ubongo wa binadamu?

Kwa sababu ubongo wetu una seli za neva zipatazo bilioni 86, na bado hakuna njia ya kuufuatilia wote kwa undani huo. Retina, nayo, si jicho tu: huchipuka kutoka katika ubongo kiumbe kikiwa bado tumboni, na kwa hiyo mafunzo yake yanauhusu ubongo moja kwa moja.

Akili unde imepiga hatua kubwa. Bado watu wanahitajika?

Wanahitajika, ila kazi yao imebadilika kutoka kupaka rangi kuwa kusahihisha. Mwezi Oktoba 2024 mradi wa FlyWire, unaoongozwa na Seung pamoja na Mala Murthy katika chuo cha Princeton, ulichapisha ramani ya ubongo mzima wa nzi wa matunda jike, yenye seli 139,255 na maungio zaidi ya milioni 50. Akili unde ndiyo iliyochora rasimu, lakini wataalamu kutoka maabara nyingi, pamoja na baadhi ya wachezaji waliotokea EyeWire, waliipitia kwa usahihishaji uliokadiriwa kuwa sawa na kazi ya mtu mmoja kwa miaka 33 hivi.

Ninahitaji vifaa gani ili nianze?

Kompyuta yenye intaneti na kivinjari cha kisasa. EyeWire ilitengenezwa ichezwe ndani ya kivinjari, bila kupakua programu nyingine wala kulipa, na maelekezo yake ni ya Kiingereza. Anza na mafunzo, usiyaruke, na katika michemraba ya mwanzo shuka tabaka moja moja badala ya kukimbilia chini, kwa sababu tawi jembamba hupotea upesi sana machoni.